Barua kwa Shee: tyubu au telekonveta?

Malindi

Ndugu yangu Shee,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, wewe na wote wa nyumbani hapo Langoni, Lamu, na mama hajambo. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema umepata telekonveta, kile kipande chenye vioo kinachofungwa kati ya lenzi na kamera kuikuza picha, ya mara mbili, ya mtumba, bei nafuu, nawe unataka kupiga picha za karibu kabisa za kofia anazoshona mama, na baadaye nakshi za milango. Shee, usiinunue. Tafuta tyubu. Nakwambia kwa mkazo kwa kuwa najua pesa zenyewe zinavyopatikana, na kwa kazi hiyo lenzi yako ya milimita 50 na telekonveta huenda hata zisiingiane. Telekonveta nyingi zina kioo kilichojitokeza kwa mbele, kikikutana na lenzi fupi kinagonga kioo chake cha nyuma.

Tyubu haina kioo. Ni pete tupu inayokaa kati ya kamera na lenzi, na kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Lenzi ikishasogea, inaweza kushika fokasi kwa kitu kilicho karibu zaidi, na kitu kile kinatoka kikubwa. Hesabu yake nyepesi: chukua urefu wa tyubu, ugawe kwa milimita za lenzi. Tyubu ya 36 kwenye lenzi ya 50 inakuongezea ukuzaji wa 0.72, na 1 ni pale kitu kinapotokea kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Lenzi nyingi za 50 zikiwa peke yake hufika 0.15 hivi, jumlisha, unapata 0.87, karibu ukubwa halisi wa kitu. Kwa kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, kipande cha kofia cha sentimita nne kinajaza picha nzima. Utaona uzi ulivyozungushwa ukingoni mwa kila kitundu, utaona nyuzi za kitambaa zilizosukumwa kando kupisha sindano. Kazi ile ya mama inastahili kuonekana hivyo.

Tyubu huuzwa zaidi kwa seti ya tatu: 12, 20 na 36. Chagua zenye vipini vya umeme vya kupitisha mawasiliano kati ya kamera na lenzi. Kuna za bei ya chini sana zisizo na vipini, na muuzaji atakwambia ni zilezile. Si zilezile. Kwa lenzi za kisasa, bila vipini huwezi kubana tundu la lenzi kutoka kwenye kamera, na kwa picha za karibu kulibana tundu ni jambo la lazima. Ukifika ukubwa halisi, hata ukibana hadi f/8 (namba hii ikipanda, tundu linapungua), kina cha sehemu iliyo kali ni kama milimita moja tu. Kofia ikiwa imejikunja kidogo, nusu yake inafifia. Ilaze, kisha weka kamera sambamba nayo kabisa, juu ya stendi.

Gharama nyingine ni mwanga. Lenzi ikisogezwa mbele, mwanga unatawanyika kabla ya kufika kwenye sensa. Kwenye ukubwa halisi unapoteza stopu mbili, yaani unabaki na robo ya mwanga. Kamera itajirekebisha yenyewe, ila shata, kile kilango cha kuingizia mwanga, inakuwa ya polepole, ndiyo maana nikataja stendi. Tena ukishafunga tyubu, vitu vya mbali havishiki fokasi. Na ukiziunganisha zote tatu nyuma ya lenzi ya 50, mdomo wa lenzi unakaribia kugusa kitu, lenzi yenyewe inakizibia mwanga. Kwa hiyo kaa na ya 36, au ya 20 na 12 pamoja, karibu na dirisha.

Sasa usije ukadhani naidharau telekonveta. Ninayo ya 1.4, na kwenye hori ya Mida siendi bila hiyo. Unawajua wale kaa wadogo wa mikokoni, dume ana gando moja kubwa analipungapunga? Kwa lenzi ya 50 na tyubu huwapati. Kivuli chako kikipita tu juu ya tope, wote wamezama mashimoni, na hapo ukae kimya usubiri: kwanza jicho moja juu ya kijiti chake, halafu la pili, halafu gando linachomoza kwa upande. Ukinyanyua mkono, unaanza upya. Mnyama huyu anataka umbali, na umbali ndio ambao telekonveta haikunyang'anyi. Ina vioo vinavyoikuza picha, na lenzi inaendelea kushika fokasi palepale iliposhika mwanzo. Lenzi yangu ya 300 inashika kuanzia mita moja na nusu, na hapo inafika 0.24, ukizidisha kwa 1.4 ni 0.34, theluthi ya ukubwa halisi, na kaa hana habari. Tyubu ya 36 kwenye lenzi hiyohiyo ingeongeza 0.12 tu, maana sasa unagawa kwa 300. Lenzi ikiwa ndefu, tyubu inapungukiwa nguvu. Telekonveta huzidisha vilevile.

Hata hivyo 1.4 inakula stopu moja, na ya mara mbili inakula mbili. Lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11, na kamera nyingi, hasa za zamani, hapo zinashindwa kutafuta fokasi zenyewe. Kasoro yoyote ya lenzi nayo inakuzwa. Ndiyo sababu ile ya mara mbili uliyoletewa siipendi.

Ukitaka, vyote viwili vinakaa pamoja: lenzi, tyubu, kisha telekonveta, kisha kamera. Kwa lenzi yangu ni 0.24 na 0.12, mara 1.4, yaani nusu ya ukubwa halisi. Hivyo ndivyo ninavyowapiga kerengende.

Ukija huku nitakupeleka Gede, kwenye mradi wa Kipepeo. Watu wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo tangu 1993, na pupa wanauzwa hadi nchi za nje. Kipepeo aliyetoka kwenye pupa sasa hivi hana haraka. Ananing'inia akikausha mabawa, na tyubu inamfaa kabisa. Ukisogea vya kutosha utaona bawa limepangwa magamba madogo kama vigae vya paa. Twende asubuhi na mapema, kwa sababu upepo wa kusi ukishaanza kuvuma huko nje hakuna jani linalotulia, na kwa picha za aina hii jani likitikisika nywele moja tu, fokasi imepotea.

Na tafadhali, usibadilishe tyubu ufuoni Shela. Mchanga ule na chumvi ile havina huruma na sensa. Fungia chumbani.

Nina tyubu ya 20 ya akiba. Nikipata mtu anayepanda basi la Mokowe nitampa akuletee, ujaribu kabla hujatoa shilingi. Ila niandikie kwanza mdomo wa kamera yako, pale lenzi inapofungwa, ni wa aina gani, kwa sababu tyubu ya kamera moja haifungi kwenye nyingine.

Msalimie mama sana, na watoto.

Ndugu yako,
Athman