Sahibu yangu, ile ya ufuoni ilikuwa wiketi

Sahibu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu siku ile ya kriketi uwanjani Lord's, India iliposhindwa na Uingereza kwa mikimbio 22, umejifungia kama mwali. Jumapili usiku ukaniletea ujumbe wa sauti wa maneno mawili: "Imekwisha. Usinipigie." Haya, sikukupigia. Lakini wewe uko Leicester, safari ya treni tu hadi The Oval, uwanja wa London ilikochezwa mechi ya tano, nami niko Malindi nahesabu bando, na ni mimi niliyeuona mwisho wenyewe.

Jumatatu ile, tarehe 4 Agosti 2025, mchezo ulianza saa saba mchana kwetu. Tulikuwa tumetoka kusali adhuhuri, kusi linavuma, nikaiegemeza simu kwenye birika la kahawa pale barazani. Ligi Kuu ya kandanda ya Uingereza ilikuwa bado haijafunguliwa, ndiyo maana nikapata watu wa kutazama nami. Uingereza walitaka mikimbio 35, na wiketi nne mkononi, yaani wakitolewa wanne zaidi wamekwisha. Overton, mpigaji wao, akaanza kwa nne mbili mfululizo, mikimbio minane kwa mipira miwili. Nikakukumbuka, nikasema kumbe kweli imekwisha.

Halafu Siraj, mrusha mpira wa India, akaingia kazini. Smith akatoka, kisha Overton. Prasidh, mrushaji mwenzake, akamng'oa Tongue, na zimebaki 17. Hapo akashuka Woakes, mpigaji wa mwisho wa Uingereza, bega limeteguka tangu siku ya kwanza, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya sweta, gongo kwa mkono mmoja. Baraza zima likanyamaza. Mzee mmoja anayeuza samaki, ambaye hajui ova ni nini, akauliza, "Huyu naye wamemleta afanye nini?" Nikamwambia ameletwa asimame tu upande wa pili ili mwenzake, Atkinson, apate kucheza. Na ndivyo ilivyokuwa: hakurushiwa hata mpira mmoja, ila kila walipokimbia uso ulimkunjamana. Yule mzee akasema huyo angekuwa baharia mzuri.

Atkinson akapiga sita, mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini. Wakaokota moja moja na mbili, zikabaki saba. Kisha Siraj akautuma mpira hadi miguuni, vijiti vikaruka, India wakashinda kwa mikimbio sita. Haijapata kutokea wao kushinda Test, ile mechi ndefu ya siku tano, kwa tofauti ndogo hivyo.

Barazani nilichekwa, sikufichi. Mechi tano, kila moja siku tano, na mwisho wake mbili kwa mbili? "Hata harusi ya siku saba," kijana mmoja akasema, "mwishowe bibi harusi huonekana." Sikuwa na jibu. Nikaanza kuwahadithia Kenya ya 2003 ilivyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na ya 1996 ilivyowaangusha West Indies kule Pune kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93, lakini wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Na ukweli ni kuwa hadhi ya Test hatukupewa kamwe. Mimi na wewe tumezeeka tukishangilia karamu za watu kutoka dirishani.

Ila si hilo lililonifanya nishike kalamu. Ni Siraj yuleyule, siku moja kabla. Brook wa Uingereza alikuwa na mikimbio 19. Akaupiga mpira juu, Siraj akaudaka vizuri kabisa, kisha mguu ukarudi nyuma ukakanyaga kamba ya mpaka. Mpigaji akidakwa hutoka, lakini badala ya wiketi, ikawa sita. Brook akaendelea mpaka 111. Na ni Siraj huyohuyo aliyekuwa wa mwisho kutoka pale Lord's, mpira alioukinga vizuri ukajiviringisha taratibu mpaka kwenye vijiti, akachutama chini. Nilipomwona amekanyaga ile kamba nilijua ndipo utakapozima televisheni. Nilijua kwa nini.

Ufuoni karibu na gati, maji yamekupwa, mpaka wetu ulikuwa ukingo wa bahari: mguu ukilowa, sita. Nilikuwa napiga mimi. Ukaudaka kwa mikono miwili, umesimama pakavu, na mimi nikapiga kelele "Sita! Sita! Miguu imelowa!" Wote wakaniunga mkono kwa kuwa gongo lilikuwa langu. Ukaenda dukani kwa baba yako, wiki nzima hukuniambia neno, na kwenye timu hukurudi tena. Wakakupachika jina ambalo sitaliandika hapa.

Siku ile ilikuwa bamvua, sahibu. Maji yalikuwa yanarudi kwa kasi, mekundu ya mto Sabaki, na mimi niliyaona. Hukurudi nyuma hata hatua moja. Maji ndiyo yaliyokufuata, na mpira ulikuwa umeshatulia mikononi mwako.

Nilitoka. Andika hiyo wiketi. Na leo jioni nitapiga, pokea.