Manka, usipande na msafara

Dar es Salaam, Desemba 9

Mpendwa Manka,

Za tangu juzi, shoga yangu? Tangu tuongee nakuwaza. Ulisema wenzako wakiulizana tu "unapanda lini Moshi?" tumbo linakukaza. Litaachaje? Hii ni Krismasi ya kwanza bila Mzee, na kaburi liko palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Ukitoka jikoni kumwaga maji unaliona. Huku mbuzi anachinjwa, pombe ya mbege inazunguka, shangazi anakuuliza utaolewa lini. Kazi nayo hakuna, na kwenye kundi la ukoo la WhatsApp michango haisubiri.

Mimi naona hivi: usipande na msafara. Krismasi ikikaribia, nauli pale stendi ya Magufuli zinapaa, hao LATRA wasimamizi wa nauli wakemee wasikemee, na hela hiyo huna. Nenda Januari, mabasi ya kuja Dar yakiwa yamejaa na ya kwenda Moshi yana viti. Wakati huo magari yameshageuza, wajukuu wamerudi shule, na Mama amebaki na masufuria makubwa, hana wa kumpikia. Kumi na tano wakimzunguka sikukuu, hata kulia hapati nafasi. Kilio chake kitaanza wakishaondoka, na hapo ndipo wewe uwepo.

Ila mpigie leo, umwambie mwenyewe, asije akasikia kwa shangazi. Mchango toa ulichonacho, au sema huna. Watakaonuna mpaka Pasaka, wanune.

Kinachonitisha hasa ni hiyo bia ya kukusaidia kulala. Inakulaza mapema, saa nane za usiku uko macho unahesabu madeni. Iache kwanza. Kama mwaka mpya utaingia bado hulali na chakula hakipiti, twende wote Muhimbili, kwa madaktari wa afya ya akili. Na usianze utani wako wa kulazwa hospitali ya Mirembe. Watu wanaonana na daktari asubuhi, mchana wako sokoni. Lakini yale mawazo ya kutamani usiamke yakirudi, tusingoje mwaka mpya. Nipigie hata usiku wa manane, nakuja na bodaboda, twende siku hiyohiyo.

Tarehe 25 njoo kwangu Tabata. Sisi siku hiyo hatuna sherehe, kwa hiyo hakuna wa kukutaka ucheke. Utalala chumba cha watoto, wao watalala sebuleni, wanapenda. Nitapika pilau. Wewe njoo na ndimu tu.

Wako,
Mwanaidi