YAH: Malalamiko kuhusu shehena ya mchanga wa silika wa kusubia

Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tani 24 za mchanga mlizotuletea hazifai kwa kalibu (maumbo ya mchanga ya kumiminia chuma) za resini ya furani, yaani gundi inayoshikanisha mchanga, na tunaomba mzichukue. Hati yenu ya ubora inasema silika ni asilimia 98.6. Hatuibishii. Kasoro imo katika ile asilimia 1.4 iliyobaki, ambayo hati haielezi ni kitu gani.

Sehemu yake ni maganda ya kombe. Kwa lenzi ya mkono yanaonekana wazi: vipande bapa, vyeupe butu, katikati ya chembe za mviringo. Ukidondoshea asidi ya hidrokloriki, vipande hivyo hutoa povu papo hapo. Chembe ya silika hukaa kimya. Tulichukua gramu 50 za mchanga, tukazitia katika mililita 50 za asidi hiyo yenye nguvu ya normali 0.1 (yaani iliyozimuliwa sana), tukachuja na kupima asidi iliyosalia. Mchanga ulikula mililita 21. Agizo letu linasema zisizidi 5. Kwa hesabu, hiyo ni takriban asilimia 0.2 tu ya kalsiamu kaboneti, lakini inatosha kuharibu kazi, kwa sababu furani hugandishwa na asidi na maganda huiwahi asidi kabla ya resini.

Kalibu zilibaki laini kwa ndani, na kona zikamomonyoka wakati wa kuzitoa kwenye visanduku. Fundi wenu alishauri tuongeze asidi. Ushauri huo hatuukubali. Maganda hayakusambaa sawasawa, hivyo mchanganyiko mmoja utagandia ndani ya mashine na unaofuata utabaki uji. Tena asidi tunayotumia ni ya salfoniki: ikizidi, salfa yake huharibu grafiti ya duara (vijidonge vya kaboni vinavyokipa chuma uimara) kwenye uso wa chuma. Na ganda lililosalia, likikutana na chuma kilichoyeyuka, hutoa kabonidioksidi inayoacha vitundu chini ya ngozi ya chuma.

Kuna pia suala la chembe. Wastani wa wembamba ni AFS 54 (kipimo cha wasubu wa Marekani; namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi), ndani ya 50 hadi 55 tuliyoagiza. Wastani huo unaficha mambo: asilimia 6 ilipita chekeche la maikromita 106 wakati kikomo ni 2, na chembe nene za upande wa pili ndizo zilizousawazisha. Vumbi hilo hunywa resini, huziba njia za gesi, na sehemu yake iliyo laini kabisa huingia mapafuni mwa wafanyakazi. Unyevu ni asilimia 0.1, hapo hatuna neno.

Tunataka magunia yote yaondolewe, na mchanga mbadala utoke kwenye tabaka lisilo na kombe. Msituletee huu huu uliooshwa upya. Maji huondoa udongo na vumbi, maganda hubaki. Kila shehena ije na kipimo cha ulaji wa asidi na matokeo ya kila chekeche, si wastani peke yake. Gharama ya resini na kalibu zilizovunjwa ikatwe kwenye ankara, ambayo hatutailipa kabla ya suala hili kumalizika.

Tumehifadhi kilo 2 za sampuli zilizochotwa kwenye magunia mbalimbali na kufungwa kwa lakiri. Mkizipinga namba zetu, teueni maabara tutakayokubaliana sote, nayo izipime.

Wenu,
Idara ya Udhibiti wa Mchanga,
Kiwanda cha Kusubu Chuma