Kabla ya kununua tiamulini, angalia mfuko wa chakula cha kuku

Kuku wanakoroma usiku, wanapiga chafya, macho yana povu, mayai yamepungua. Wengi wanaotuletea malalamiko haya wameshawapa amoksilini bila nafuu, wakadhani wameuziwa dawa feki. Huenda ilikuwa dawa nzuri tu. Amoksilini, kama penisilini iliyotokana na ukungu, huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao. Mycoplasma gallisepticum, bakteria anayeleta mafua sugu (CRD), hana ukuta huo.

Tiamulini, antibiotiki inayotumika kwa mafua hayo, hupitia njia nyingine: hung'ang'ania ribosomu ya bakteria, yaani kiwanda chake cha protini, protini zisiundwe. Nayo asili yake ni kuvu. Hutengenezwa kutokana na pleuromutilini, kemikali iliyopatikana mwaka 1951 kwenye uyoga ambao leo huitwa Clitopilus. Kwa mdondo haina kazi. Ule ni ugonjwa wa virusi.

Daktari wa mifugo akishathibitisha, kipimo cha kawaida ni miligramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku, siku 3 hadi 5. Kuku 100 wa kilo 2 wanahitaji gramu 5 za dawa halisi, yaani gramu 11 za unga wa asilimia 45. Pima kwa mizani, si kijiko. Maji yenye dawa yawe ndiyo pekee bandani, na kila siku uchanganye mapya.

Sasa lebo ya chakula. Vyakula vingi vya kuku wa nyama huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu. Ukiona monensini, salinomaisini au narasini, usiwape kuku tiamulini. Tiamulini huzuia ini kuzivunja dawa hizo, zikalimbikizana mwilini hadi kuwa sumu: kuku wanaacha kula, miguu inalegea, wanapooza, wanakufa. Acha siku 7 kabla na siku 7 baada ya tiamulini bila chakula hicho. Amprolium, dawa nyingine ya kuhara damu, haina shida hii. Lebo isipotaja kitu, mpigie mtengenezaji, usibahatishe. Dalili zikishaanza, ondoa maji na chakula vyote viwili papo hapo, uweke maji safi na chakula kisicho na dawa.

Kuku waliopona hubaki na vimelea, na hupitia kwenye yai hadi kwa kifaranga. Mayai yao usiyatotoleshe. Kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai, fuata lebo ya dawa uliyonunua, kwani hutofautiana.