Tilandisia haihitaji udongo wala maji ya kisima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa nyumba na bustani kuhusu tilandisia, yaani ule mmea wa nyuzi ndefu za kijivu unaoning'inizwa siku hizi kwenye baraza za nyumba, hotelini na katika kumbi za harusi hapa Dar es Salaam. Wasomaji walielekezwa waupande kwenye chungu chenye udongo na mboji, kisha waunyunyizie maji ya kisima kila jioni. Atakayefuata maelekezo hayo ataupoteza mmea wake pamoja na fedha alizounulia.

Jina lake la kitaalamu ni Tillandsia usneoides, na asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini-mashariki mwa Marekani hadi Ajentina, ambako huning'inia kwenye matawi ya mialoni na miti mingine mikubwa. Ni wa ukoo mmoja na nanasi, lakini ukishakomaa hauna mizizi. Maji na madini huyapata kupitia magamba madogo mno yaliyofunika kila uzi, ambayo yakiwa makavu huupa mmea ile rangi ya kijivu, na yakilowa huruhusu ukijani ulio chini yake uonekane. Udongo, kwa hiyo, hauufaidii kitu. Kazi yake pekee itakuwa kuuweka katika unyevunyevu usiokwisha. Wala hauunyonyi mti unaoubeba, kwa hiyo wenye miembe wasiwe na hofu.

Kwa kuwa kinywa cha mmea huu ni ngozi yake yote, usafi wake ni sehemu ya lishe yake, na hapo ndipo maji ya kisima yanapoleta balaa. Visima vingi vya mwambao wetu vina maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka juu ya nyuzi huacha chumvi palepale penye magamba, ikazidi kila unaponyunyizia. Upepo wa baharini kule Masaki, Msasani na Kigamboni hufanya kazi hiyohiyo bila kuombwa, huku walioko kando ya Barabara ya Mandela wakipambana na vumbi na moshi wa malori. Mmea huu huhifadhi mwilini yale yaliyomo hewani, kiasi kwamba wanasayansi wameutumia kuchunguza uchafuzi wa hewa wa madini mazito.

Namna ya kuuosha si ngumu. Yafaa yatumike maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya manyunyu ya kwanza kuosha vumbi la bati, na mvua za masika na vuli hutosha kumpatia mtu akiba ya madumu kadhaa. Asiye nayo atumie maji ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi. Fungu lizamishwe kwenye beseni kwa muda wa nusu saa hivi, lichezeshwe taratibu mpaka vumbi litoke, bila sabuni na bila mafuta yale ya kung'arisha majani, kisha likung'utwe na kutundikwa penye upepo na mwanga usio wa jua kali. Nyuzi za kahawia zilizokwisha kufa ndani ya fungu ziondolewe kwa vidole, maana ndizo zinazoshikilia maji.

Kazi hiyo ifanywe asubuhi, wala si jioni. Tilandisia huvuta hewa ya ukaa usiku, na magamba yaliyolowa huzuia hewa hiyo isipite. Likibaki fungu nene limelowa kwa zaidi ya saa nne, katika mji wenye joto kama wetu, litaanza kuoza kutoka ndani. Wamarekani wa Louisiana na Florida waliuozesha makusudi: waliulundika mmea na kuulowesha maji mpaka ganda la nje likaoza, ukabaki uzi mweusi mgumu wa kujazia magodoro na viti vya magari, jinsi wazee wa pwani walivyofukia makumbi ya nazi matopeni ili wapate usumba. Ukiona nyuzi nyeusi za namna hiyo kwenye fungu lako la barazani, jua umeanzisha kiwanda bila kukusudia.

Jambo jingine ambalo ushauri ule haukuligusa ni shaba. Mimea ya ukoo huu huumizwa na shaba, kwa hiyo isifungwe kwa waya wa shaba, na asitokee mtu akaipulizia mrututu au dawa nyingine ya ukungu yenye shaba iliyobaki shambani. Vidung'ata vikiingia, kuzamisha fungu zima majini na kulisuuza mara kadhaa hupunguza wengi wao.

Kuchemsha ni kwa nyuzi zilizokufa tu, zinazotumika kama pambo kavu, na huko kwao hufanywa hivyo kuua wadudu wanaojificha ndani ya mafungu yaliyookotwa chini. Mmea hai hauvumilii maji ya moto. Wauzaji wetu wangetusaidia sana kama wangemwambia mnunuzi waziwazi kama anachouziwa ni kizima au kimekwisha kufa, na wasimpe kuvumwani, yaani ule uoto kama ndevu ambao ni muungano wa kuvu na mwani, iliyobanduliwa kwenye miti ya misitu ya Kilimanjaro kwa sababu tu inafanana nayo. Ile huishi kwa ukungu na baridi ya mlimani, na kuichukua ndani ya hifadhi ni kosa.

Naomba ukurasa wenu usahihishe angalau mawili, udongo na maji ya jioni, kabla masika hayajaanza, ili wasomaji wapate kukinga maji mapema.

Msomaji wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam