Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Rangi, Mwanga na Mifuko ya Fizi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Kamati yenu ilikutana kama katiba inavyotaka, masomo ya Jumamosi yalifanyika, na ada zimelipwa na wengi, si wote; wahusika wanajijua. Hayo yamo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, sitayarudia. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine: ombi la baadhi yenu kwamba chama chetu cha madaktari wa meno kinunue mashine ya leza ya kuulia bakteria wa fizi kwa rangi na mwanga, tuwe tunaazimana.

Ombi hilo lilikuja baada ya wakala mmoja wa vifaa kutufanyia maonyesho. Alipaka rangi ya buluu, akawasha mwanga mwekundu, akatuambia tuziweke kabatini skela, vifaa vyetu vya kukwangulia ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye meno. Wengine mlipiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa sijasoma. Tangu siku ile nimesoma.

Sayansi yake ni ya kweli, tena ya zamani. Mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab, akifanya kazi chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, aliripoti kwamba rangi ya akridini iliviua upesi vijidudu vya majini palipokuwa na mwanga, na gizani vikaishi muda mrefu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michael Wilson na wenzake wa Taasisi ya Eastman, London, wakaijaribu njia hiyo kwa bakteria wa kinywani. Methilini buluu hunyonya mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660, toluidini buluu karibu 630. Nguvu ya mwanga huo hukabidhiwa oksijeni iliyo jirani, nayo hugeuka kali na kuunguza utando wa bakteria, protini zake na DNA yake. Kwa kuwa pigo huja pande zote kwa pamoja, bakteria hupata taabu kujijengea usugu. Hapo nami nilivutika, nikikumbuka jinsi tunavyoandika antibiotiki za amoksisilini na metronidazoli kama peremende.

Tatizo ni umbali. Oksijeni hiyo kali hufa kabla ya kusafiri hata upana wa bakteria mmoja. Rangi isipofika, mwanga haufanyi kitu, na chini ya ugaga rangi haifiki. Tena *Porphyromonas gingivalis*, bakteria wa ugonjwa wa fizi, hustawi ndani ya mfuko mrefu wa fizi, yaani pengo kati ya jino na fizi, kwa sababu oksijeni humo ni haba. Silaha yetu inaishiwa risasi palepale adui alipojificha. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia (tiba ya fizi) wa mwaka 2020 ulipendekeza tiba hii isiongezwe kwenye usafishaji wa kawaida wa mizizi ya meno kwa wagonjwa wa fizi wa hatua ya I hadi ya III. Wakala hakuutaja.

Kuna mwenzetu aliyeuliza kuhusu manjano. Hakukosea: kurkumini, kiini cha rangi yake, hunyonya mwanga wa buluu, taa ya buluu ya kugandishia vijazio tunayo kliniki zote, na watafiti wa Brazil wamelifanyia kazi jambo hilo. Ila manjano ya sokoni haijapimwa wala kusafishwa kwa kazi hiyo. Tafadhali, asitokee mtu wa kumpaka mgonjwa bizari.

Kwa atakayeitumia methilini buluu popote, hata kwa kiasi kidogo: muulize mgonjwa kama ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si mgeni katika nchi zetu zenye malaria, na kama anatumia dawa za sonona. Miwani ya kukinga macho ni ya mgonjwa pia, si ya daktari peke yake.

Kamati haisemi mlango ufungwe. Kwenye mifereji ya mizizi, baada ya kuosha kwa hipokloriti, dawa ya kuulia vijidudu, utafiti bado unaendelea, na wanachama wawili wamekubali kuufuatilia na kutuletea somo mwakani. Kwa sasa tunapendekeza fedha zilizotengwa zinunue ncha mpya za skela za umeme na kulipia mafunzo ya siku mbili ya kusafisha mizizi kwa mkono, kwa sababu nusu ya ncha nilizokagua kwenye kliniki zetu zimechakaa, zangu zikiwemo. Bei anazo mweka hazina. Mwenye swali amuulize sasa, kabla hatujapiga kura.