Glovu za ngumi tusiwe tunanunua kwa rangi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee hizi glovu za ngumi maana vijana wetu huku Dodoma wanaumia jamani.

Mdogo wangu kaanza mazoezi juzi juzi, akaenda kununua zilizoandikwa aunsi 8 (aunsi ndo kipimo cha uzito wa glovu) kisa nyepesi na nyekundu inang'aa, hakuna aliyemwambia hizo mabondia wa kulipwa wa uzito mdogo ndo wanavaa siku ya pambano. Wiki ya pili tu sponji imeshajikusanya upande mmoja, ukibonyeza kwa kidole unausikia mfupa, na kifundo cha mkono kimevimba hawezi hata kusonga ugali. Iliniuma sana.

Kwa anayeanza, mtu mzima wa kawaida, aunsi 12 au 14 inatosha kupiga begi la mazoezi na pedi anazoshika kocha, ila mkianza kupigana wenyewe kwa wenyewe mazoezini vaa 16, hiyo ni kama gramu 450 kila mkono na inamlinda hata unayempiga. Chukua za mkanda wa kubandika, za kamba mpaka upate mtu wa kukufunga kila siku utamtoa wapi? Bandeji ya kuzungushia mkono ndani ya glovu usiache, hata glovu iwe ya bei gani.

Mitumba sikatai, nimeanzia huko, ila ingiza mkono ukiwa umeshafunga bandeji, kunja ngumi, bonyeza mbele, nusa ndani. Na makocha wawaambie haya siku ya kwanza, kabla kijana hajatoa hela yake.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma